Mstari Mweupe Angani

Mama Dobi alikuwa akianika mashuka ndege ilipopita juu sana. Nyuma yake ilichora mstari mweupe. Mstari haukufutika. Ulizidi kutanda.

Mteja wake mmoja alikuwa amemwambia kuwa mistari ile ni sumu. Mteja huyo hajapanda hata ngazi ndefu, lakini maneno yake yalimwingia Mama Dobi. Alianua mashuka yote, mabichi vilevile, akambeba mwanawe mchanga na kuingia chumbani. Alifunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa taulo. Kisha akatia makaa ya moto kwenye pasi yake, maana kazi haingoji.

Baadaye jirani alikuja kuchukua gauni lake. Alikuwa mpimaji wa hali ya hewa, na mtaa mzima ulimwita Shangazi Mawingu.

"Hodi!"

Kimya. Akausukuma mlango. Mama Dobi alikuwa sakafuni, ameshika kichwa. Mtoto alikuwa amelegea.

"Toka nje!"

"Dada, funga mlango! Kuna sumu angani!"

"Sumu iko kwenye pasi yako!"

Shangazi Mawingu alimnyakua mtoto, wakakimbilia zahanati. Mama Dobi alipepesuka njia nzima, akilia, "Mwanangu hafumbui macho!" Muuguzi alimwekea mtoto oksijeni. Walisubiri. Mama Dobi hakumwondolea mwanawe macho mpaka aliposikia kilio chake.

"Makaa hutoa hewa mbaya," muuguzi alieleza. "Huioni, wala hainuki. Ukifunga dirisha, inaua."

"Nimeruka majivu, nikakanyaga moto," Mama Dobi alisema. "Na ule mstari je?"

"Ni wingu," Shangazi Mawingu alijibu. "Ukiweka pasi kwenye nguo mbichi, unaona nini?"

"Mvuke."

"Basi injini ya ndege nayo hutoa mvuke, pamoja na moshi. Huko juu kuna baridi kali sana. Mvuke unaganda, unakuwa chembe ndogo za barafu."

"Mbona mingine inafutika upesi?"

"Hewa ikiwa kavu, inafutika. Ikiwa na unyevu, mstari unakaa na kutanda."

Siku hizi Mama Dobi anapiga pasi nje, chini ya paa. Mtoto ananenepa. Ndege ikipita, mama bado anashtuka na kukimbilia dirishani. Anahakikisha liko wazi.