Digrii Nne, Kushoto

Saa tisa alasiri ya Jumamosi nchi ya Ireland ilitakiwa ionekane mbele ya pua ya ndege, na haikuonekana. Saa tisa na nusu bado. Kulikuwa na ukungu tu, chini yake bahari ya kijivu, na mafuta yaliyobaki yalikuwa ya kuhesabu dakika.

"Emrys," nahodha Tranter aliita kwenye simu ya ndani, "umenileta wapi, baba?"

"Upepo wa mbele umetuchelewesha, Nahodha. Nchi iko mashariki, maili ishirini hivi."

Emrys Prosser, msoma ramani, alikuwa mwalimu wa hesabu huko Wales kabla ya vita, na kikosini hakuna aliyewahi kumkuta amekosea. Alimwandikia Colin Beattie, mtu wa redio, mahali walipo. Beattie akatuma ujumbe mara tatu kabla injini hazijaanza kuzima moja baada ya nyingine. Ndege ile ya majini ilizoea kutua kwenye ziwa lililotulia. Wimbi la kwanza liliirusha juu, la pili likaipasua tumbo, ikazama na watu saba. Wanne walijikuta kwenye boti la mpira: Tranter aliyevunjika mkono, Prosser, Beattie aliyechomwa ubavuni na kipande cha bati, na Wilf Ogden, mpiga bunduki wa mkiani, ambaye hakupata hata mkwaruzo.

Huyu Ogden afadhali tumseme mapema, maana yeye mwenyewe alichelewa kujisema.

Katika ndege zile msoma ramani hajui upepo unaisukuma ndege pembeni kiasi gani mpaka aambiwe na mtu wa mkiani. Kopo la moshi hutupwa majini, mtu wa mkiani hulilenga kwa bunduki zake, kisha husoma digrii zilizochorwa kwenye duara la chuma analozunguka nalo. Ni kazi ya dakika moja, kila nusu saa. Siku hiyo, baada ya masaa kumi na moja hewani, Ogden alikuwa ameganda kwa baridi, skafu imemfunika macho. Prosser alipouliza, akajibu, "Nne, kushoto." Hilo lilikuwa jibu la nusu saa iliyopita. Akalirudia mara ya pili na ya tatu, bila kufumbua macho. Mara ya nne alitazama, na duara likamwonyesha kumi na saba. Kuitamka kumi na saba ghafla namna ile kungekuwa kujishtaki mbele ya wote. Akasema tano.

Basi ndiye mtu pekee botini aliyejua kwamba hawakuwa magharibi ya Ireland hata kidogo. Upepo wa kusini ulikuwa umewasukuma kaskazini mno, wakapita pembeni ya nchi nzima.

"Sikilizeni," Prosser alisema jioni ile, meno yakigongana. "Kituoni wana mahali petu kwenye karatasi. Tukiachia upepo utupeleke, tumepotea. Tushushe nanga ya turubai ivute maji na kutuzuia, tungoje hapa hapa."

"Maji?" Tranter aliuliza.

"Makopo sita."

"Nusu kopo kwa mtu, kutwa. Beattie apewe zima. Mkia, mkandamize huyo ubavuni, usiachie."

Mkia ndilo jina walilomwita Ogden. Alivua sweta, akalikunja, akalikandamiza kwenye jeraha la Beattie, na usiku kucha hakuliachia. Mtu angemwona angesema ni rafiki wa kweli. Yeye alikuwa akiona haya, na kila alipotaka kufungua mdomo aliufikiria uso wa Tranter, akaufunga.

Jumapili asubuhi walisikia injini. Sauti ilitoka kusini, mbali sana, ikienda na kurudi kama mtu anayefagia uwanja. Tranter alirusha fataki kwa mkono wake mzima. Sauti ikaendelea kufagia kulekule, kisha ikafifia.

"Watarudi," alisema Prosser.

Ogden alijua watarudi, na alijua watarudi kulekule.

"Mkia," Beattie alinong'ona, "mbona unatetemeka kuliko mimi, na mwenye tundu ni mimi?"

"Baridi, kaka."

"Ukifa kabla yangu nitakucheka."

Karibu na saa sita mchana Prosser alianza kuandika tarakimu kwa kidole kwenye mpira uliolowa. Aliandika, maji yakafuta, akaandika tena. Mara akajifunika uso. "Sioni kosa," alisema. "Nimewaua watu saba kwa hesabu, na kosa silioni."

Hapo Ogden alishindwa kuvumilia.

"Emrys. Zile digrii nne, sikutazama."

"Unasemaje?"

"Nilifumba macho. Mara tatu. Mara ya nne ilikuwa kumi na saba, nikakwambia tano."

Hakuna aliyemgusa. Angependa wampige. Prosser alimtazama kama mwalimu anayesubiri mtoto amalize, kisha akafumba macho na midomo ikaanza kucheza. Alikuwa akipiga hesabu upya.

"Tuko kaskazini ya pale nilipoandika, maili hamsini," alisema mwishowe. "Visiwa vya Scotland viko mbele yetu, na upepo unakwenda huko. Tumeshinda na nanga ikituzuia tusiende."

"Kata nanga," Tranter alimwambia Ogden bila kumwangalia.

Beattie alicheka kidogo, damu ikamtoka kwenye pembe ya mdomo. "Kumbe ujumbe wangu nimeupeleka nyumba ya jirani."

Walisimamisha makasia mawili, wakafunga makoti yawe tanga, na boti likaanza kukimbia. Lilikimbia mchana ule na usiku kucha. Ogden alishika kamba kwa mkono mmoja na Beattie kwa mwingine. Alfajiri ya Jumatatu Beattie aliomba maji, akanywa, akauliza kama nchi imeonekana. Ogden akamwambia bado. Alipomtazama tena, alikuwa amekwisha kufa. Saa moja baadaye kilima cha kisiwa cha Tiree kilitoka kwenye ukungu.

Ogden aliruka kwenye mawimbi ya ufukweni, akaburuta boti kwa kamba begani mpaka magoti yakagusa mchanga. Mama mmoja aliyekuwa akikusanya mwani alimfunika kwa shali yake. "Umewaokoa wenzio, mwanangu," alimwambia. Ogden akaivua, akaenda kumfunika Beattie.

Huko hospitali ya mji wa Oban ofisa alikuja na karatasi kuuliza ndege ilipoteaje. Prosser, kitanda cha pili, alisema maneno mawili tu: upepo uligeuka. Ofisa akaandika. Ogden alinyamaza tena, na safari hii hata baridi ya kusingizia haikuwapo.

Alhamisi alikuja mzee Beattie, fundi wa kusokota kamba kutoka Belfast, kofia mkononi.

"Nahodha wako kaniambia ndiwe uliyemshika mwanangu mpaka mwisho. Nimekuja kukushukuru, kijana wangu."

Alinyoosha mkono. Ogden hakuupokea. Alimweleza yote: skafu, tano, injini za kusini. Mzee alisikiliza akiwa amesimama.

"Ulisema saa ngapi?"

"Jumapili, saa sita mchana."

"Kutoka hapo mpaka nchi kavu, muda gani?"

"Masaa kumi na tisa."

"Kwa hiyo ungesema Jumamosi jioni..."

"Tungefika Jumapili, mzee. Alikuwa hai. Alikuwa akitania."

Prosser aligeukia ukuta. Mzee Beattie aliizungusha kofia mikononi, akaivaa, akaivua tena.

"Mama yake yuko chini, kwenye benchi la mlangoni," alisema. "Amekuletea soksi alizofuma mwenyewe. Mimi siwezi kumwambia. Vaa viatu, twende."

Ogden akavaa viatu.