Vyuma Vinne vya Mama Ndulu

Upepo wa Kitengela hauna adabu. Unakuja na vumbi la simiti na karatasi za watu, unavua nguo kwa kamba, unafunga milango ambayo haukuifungua. Jumanne hiyo saa nane mchana ulikuwa na hasira kuliko siku zingine. Suruali ya jirani iliruka ukuta ikaenda zake. Beseni ilibingirika kutoka bafu mpaka gate. Mabati ya choo yalipiga makelele kama mkutano wa kampeni.

Na katikati ya uwanja wa ploti, hema ya kijani ilisimama tu. Haikutikisika. Hata kile kitambaa cha mlango, chepesi kama karatasi ya mkate, kilining'inia wima kama pazia kwa nyumba iliyofungwa madirisha.

Nashipae aliiona akiwa mlangoni na kikombe cha strungi, chai isiyo na maziwa, akajisifu.

"Umeona? Hiyo ndiyo kazi ya mtu amesoma. Upepo wote huu na haisongi hata inchi."

"First class ya kusimamisha hema," Judy akamjibu. "Weka kwa CV, Engineer. Pengine this time watakuita."

Hao wawili walisoma chuo kimoja, wakavaa gauni siku moja, na wakakosa kazi pamoja miaka mitatu bila kukosana. Nashipae alikuwa na degree ya survey. Yeyo, mama yake kule Ewuaso Kedong, aliambia kanisa nzima kwamba msichana wake ni engineer wa mashamba, na engineer mwenyewe alikuwa anapika chapo akiuzia mafundi wa mjengo. Judy alikuwa na degree ya biashara ambayo haikuwa imewahi kuuza hata njugu. Walikaa chumba kimoja, wakilala kitanda kimoja, na Judy ndiye alikuwa anahakikisha hawalii: alitukana serikali asubuhi, landlord mchana, na jioni alitukana kila kampuni iliyowahi kuwaandikia "we regret".

Judy huyo ndiye alipigia redio simu mpaka akashinda tikiti mbili za festival ya muziki, siku tatu, kwa ranchi moja huko mbele ya Isinya, na watu kulala hapo hapo kwa hema. Hakuna mmoja wao alikuwa amewahi kulala kwa hema.

"Nyanya zangu walijenga manyatta ndio tusilale nje," Nashipae alisema, "na sasa tunarudi nje tukiita enjoyment."

Lakini walibandika list kwa ukuta. Tochi. Gumboots. Blanketi. Dawa ya mbu. Hema yenyewe waliazima kwa Gakuru, binamu ya Judy, na Gakuru akiwa Gakuru, aliwapa bila pegi hata moja za kuishikilia chini.

Hapo ndipo Nashipae akakumbuka vyuma.

Nyuma ya ploti yao kulikuwa na kiwanja kitupu. Kitengela hii ambayo ndugu wanapelekana kortini juu ya kipande kisichotosha kuku, na hapo pamelala bure, nyasi mpaka magoti, hakuna hata msingi. Katikati yake kulikuwa na vyuma vinne vimepigwa ardhini kwa mraba. Nashipae alivipima kwa macho. Futi saba kwa saba.

"Hizi si beacon," aliambia Judy. "Beacon huwekwa kwa kona ya shamba na iko na simiti. Nani anapimiwa plot ya futi saba? Mtu alisahau tu hapa."

Akaving'oa vyote. Jua lilikuwa limekaanga kila kitu hapo, mpaka mawe, lakini vile vyuma vilitoka vikiwa baridi, baridi ya ndoano za fridge ya bucha. Judy alisema labda chini kuna maji. Wakacheka, wakaenda kusimamisha hema.

Hiyo Jumanne Judy ndiye aliingia kuijaribu. Alilala kama nusu saa. Nashipae alirudi kutoka dukani na maziwa akampata anatoka kwa magoti, uso umejaa alama za blanketi.

"Engineer, leo umekuwa mtu. Asante kwa kunisongea."

"Kukusongea wapi?"

"Huko ndani. Nilikuwa nimebanwa kwa kona, nikakupiga kiwiko, ukasonga."

"Judy. Mimi nimetoka dukani sasa hivi."

Judy aliangalia yale maziwa. Akaangalia hema. Mlango wake ulikuwa unaning'inia wima na nyuma yao shuka za jirani zilikuwa zinapigana na upepo.

"Basi ni ndoto," Judy akasema. Lakini alisema pole pole, na hakuingia tena siku hiyo.

Jumatano alikumbuka ameacha earphones. "Dakika moja," akasema, akainama, akaingia. Zipu ikashuka nyuma yake. Nashipae alikuwa anasukuma chapo mlangoni na aliisikia ikifungwa, jino kwa jino, bila haraka, na Judy si mtu wa kufungua kitu bila haraka sembuse kukifunga. Halafu kukaja harufu. Ubani, na chini ya ubani kitu kama nywele iliyoshikwa na moto. Nashipae alifikiria ni chapo inaungua. Akaigeuza, haikuwa imeungua. Akageuza zingine tano, na alikuwa anainua kichwa kuita ndipo zipu ikapanda, na Judy akatoka.

"Umepata earphones?"

"Gani?" Judy akauliza.

Akaenda akasimama karibu na kamba ya nguo. Shuka la jirani likamchapa uso mara tatu, nne, na hakufunga macho.

Jioni aliosha vyombo. Judy, ambaye hakuwa ameshika sufuria chafu tangu campus! Akapanga viatu mlangoni. Chakula alikizungusha kwa sahani mpaka kikapoa. Habari zilipoonyesha mheshimiwa fulani akiambia vijana wajiajiri, Nashipae alingoja matusi. Hayakuja. Judy aliangalia ile TV na tabasamu ndogo ya mgeni ambaye hataki kuudhi wenyeji.

Alhamisi asubuhi Nashipae alitaka kujua kama godoro litaenea. Hiyo ndiyo sababu alijipatia. Ukweli ni kwamba alitaka kuona huko ndani na hakuwa na ujasiri wa kuona bila kazi mkononi. Alitoa mkanda wake wa kupimia, ule wa mita thelathini aliobaki nao kutoka project ya mwisho. Project yenyewe alikuwa ameifanyia Kware, katikati ya mabomba ya maji taka na mbwa, na kwa sababu hakuwa na mtu wa kumshikia ule mwisho mwingine wa mkanda, Judy ndiye alishika, wiki mbili nzima, akiwa na high heels na matusi. Wakiwa mbali na kelele ni nyingi, Judy alikuwa anavuta mkanda mara mbili. Maana yake: niko tayari, soma.

Nashipae alipiga magoti mlangoni. Ndani kulikuwa kijani na joto, na ukuta wa nyuma ulikuwa hapo, ukijinyoosha mkono ungeufikia. Akatupa kichwa cha mkanda kwa kona.

Mkanda ukaanza kwenda. Mita mbili, na ukuta uko hapo hapo. Mita nne, na yeye anashikilia kasha tu kwa vidole akisikia utepe ukikimbia kwa ngozi yake, mita tisa, kumi na nne, ishirini, na ukuta wa nyuma bado unamwangalia kutoka hatua moja, na harufu ya ubani inapanda, na mkanda unaingia mahali ambapo hema haina, chini, mbele, sijui wapi, mpaka kwa ishirini na sita ukasimama. Na mdomo wake, kwa mazoea tu, mdomo wa mtu aliyefundishwa kazi ambayo hakuwahi kupewa, ukasema:

"Shika hapo."

Mkanda ukakaza.

Halafu ukavutwa. Kidogo. Mara mbili.

Nashipae aliacha kasha hapo akakimbilia chumbani. Judy alikuwa amempa mgongo, anakunja nguo.

"Kuna kitu kwa hema," Nashipae akanong'ona. "Judy, kuna kitu kinajua... kimenivutia mkanda."

"Rudisha vyuma," Judy akasema bila kugeuka.

"Mimi sijasema ni vyuma."

"Virudishe tu, Nashipae. Halafu twende festival."

Nashipae alikuwa ameshafika gate ndipo akagundua kwamba tangu mwaka wa kwanza campus Judy hajawahi kumwita kwa jina lake.

Kiwanja kilikuwa cha Kaloki, yule anauza maji akiyabeba na punda. Alimpata anajaza mitungi, amekasirikia punda, na punda amemkasirikia.

"Mzee Kaloki, shikamoo. Zile vyuma za plot yako..."

"Sina ploti ya kuuza. Waambie wenye wamekutuma."

"Nimezing'oa."

Kaloki alifunga bomba. Akakaa juu ya mtungi.

"Ngapi?"

"Zote nne."

"Mtoto umesoma wewe?"

"Nimesoma."

"Hiyo ndiyo shida." Akafuta uso. "Mama yangu, Ndulu, alikuwa mganga. Si siri. Kulikuwa na broker hapa, Wahome, alitoa jini pwani likamlindie mashamba. Likamshinda. Likaingia kwa nyumba yake, likakaa na mke wake, likakaa na watoto. Wakaita mama. Mama hakuweza kulifukuza. Alilipatia nyumba yake lenyewe, futi saba kwa saba, akafunga kona na vyuma. Likakubali."

"Linataka nini?" Nashipae akauliza.

"Kile wewe unataka. Kile kila mtu Kitengela anataka. Mahali pa kuishi." Kaloki akashusha sauti. "Popote hivyo vyuma vitapigwa, ni kwake. Nani amelala huko ndani?"

"Rafiki yangu. Amebadilika."

"Basi kesho, saa sita, wakati kivuli kiko chini ya miguu. Tutasimamisha hema pale pale, mashimo yale yale. Halirudi kwa nyumba tupu. Lazima lione mtu ndani ndio lije. Utalala. Nitapiga vyuma vitatu. Kabla ya cha nne, utoke."

"Na nikichelewa?"

"Utakuwa jirani yake. Mama alisema zikirudishwa kwa mashimo yale yale hazing'oki tena, hata na tingatinga."

Ijumaa, siku yenyewe ya kwenda festival, bag zikiwa zimefungwa mlangoni, Nashipae alilala chali kwenye hema katikati ya kiwanja kitupu. Alikuwa anamfanyia Judy. Alijirudia hivyo kama maombi: ni kwa sababu ya Judy, ni ndio Judy anirudie akinitukana. Judy alikuwa amesimama pembeni ya nyasi, ametulia.

Nyundo ikalia. Moja.

Sauti za nje zikaanza kwenda mbali, mjengo, punda, spika ya kanisa, kama mtu anazifungia redio. Mbili. Joto likatoka. Harufu ya ubani ikaja, na upande wake wa kulia, ule wa ukuta, kitambaa kikalala, kikachukua umbo, na kitu kikajisogeza karibu naye kikijivuta kwa shida, kama kimetembea kutoka mbali sana, mita ishirini na sita na zaidi, na akasikia pumzi shingoni, pumzi ya mtu aliyelia mpaka sauti ikaisha, na kikajaribu kusema neno, "Enji...", ama ilikuwa nyundo, ama ilikuwa damu yake mwenyewe masikioni, na vidole baridi vikatafuta mkono wake, vikashika sleeve ya sweta, vikavuta. Mara mbili.

"Tatu!" Kaloki akapiga kelele. "Toka!"

Nashipae alipiga teke. Alipiga teke lingine, akasikia vidole vikiachilia kimoja kimoja, akatoka kwa tumbo mpaka kwa nyasi, na nyuma yake nyundo ikashuka mara ya nne.

Kaloki alikata kamba za hema kwa kisu, akavuta kitambaa. Chini hakukuwa na kitu. Nyasi tu, imelazwa kwa umbo la watu wawili.

"Imeisha," akasema, akikunja kisu. "Enda nyumbani, msichana. Na using'oe kitu cha mtu."

Nashipae akalia, akacheka. "Judy! Bado tunaweza kufika! Tutalala hata bila hema, nani anajali!"

"Twende, Nashipae," Judy akasema, na tabasamu ile ndogo.

Hapo upepo ukarudi. Ulikuja kwa hasira ya siku zote, ukabeba kofia ya Kaloki, ukalaza nyasi, ukamfunga Nashipae sketi kwa miguu. Alifuta vumbi machoni akamwangalia rafiki yake.

Braids za Judy, ndefu mpaka kiunoni, zilikuwa zinaning'inia wima. Hakuna hata moja ilisonga. Gauni pia. Kama pazia kwa nyumba iliyofungwa madirisha.

Nashipae aliangalia sleeve yake, pale ilipovutika. Mara mbili. Dunia hii ni mtu mmoja pekee alikuwa anajua hiyo alama.

Akaanguka kwa magoti kwenye chuma cha nne, akakishika na mikono yote, akavuta mpaka ngozi ya viganja ikachanika. Hakikusonga. Kilikuwa baridi.

Halafu, kutoka chini, kikavutwa kidogo. Mara mbili.

"Engineer," Judy akasema nyuma yake, pole pole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. "Tutachelewa."