Joash Alipofagia Kompyuta

Nyumbani kwa Drusilla, pale kilima cha Nyanchwa, wageni hawakauki. Ukienda kuazima chumvi, unarudi na habari za mtaa mzima. Chumba cha mbele ndicho ofisi yake. Ana kompyuta na printa, anachapia watu kadi na barua.

Ijumaa moja ya mwaka 1999, nyumba ilijaa pomoni. Binti yake, Lorna, angeolewa Jumapili. Uani mashangazi walichambua mboga za chinsaga na kuchambua watu. Drusilla alibakiza kazi moja: kuchapa ratiba mia tatu za harusi kabla ya jua kuzama. Kwao Wasabato, jua likizama Sabato inaingia, na kazi zote zinasimama.

Akawasha kompyuta. Skrini ikabaki nyeusi.

"Nani amegusa hapa?"

Shemeji yake Joash akainua mkono akitabasamu. "Mimi, shemeji. Si ulisema tufagie kila mahali? Nilitaka kuweka gemu, nafasi ikawa ndogo. Nikafuta mafaili nisiyoyajua. Yalikuwa yamekaa tu, hayana kazi."

"Kama wewe!" akasema shangazi Nyanchera. Watu wakaangua kicheko.

Drusilla hakucheka. Ratiba ilikuwa ndani ya kompyuta hiyo: nani aombe, nani akate keki, mjomba yupi atangulie kusema. Pande mbili zilikaa vikao vitatu ndipo zikaelewana. Karatasi iliyoandikwa kwa mkono ilishatumika kuwashia jiko.

"Orodha ikipotea, ugomvi unaanza upya! Joash, kimbia mjini kwa Lata!"

Lata alikuwa fundi wa kompyuta, binti wa mwenye duka la redio. Alifika akihema, disketi mkononi.

"Mama Lorna, unakumbuka nilivyoigawa diski yako?"

"Vyumba viwili. C na D."

"Sawa kabisa. C ina Windows na programu zinazoendesha kompyuta. D ni ya kazi zako. Tena kule D niliweka nakala ya C nzima, kama picha iliyopigwa siku C ilipokuwa na afya. Sasa nitairudisha picha hiyo."

"Basi bonyeza, dada!" akasema Joash.

"Ngoja wewe!" Lata akamshika mkono. "Picha ikirudi, inafuta yote yaliyo C sasa. Ulichoweka C baada ya siku ile kinapotea. Mama Lorna, ratiba uliiweka chumba gani?"

Drusilla akashika kichwa. "C. Juzi watu walijaa hapa, wananipigia kelele. Nikaweka popote."

 

Lata akaingiza disketi ya kuwashia kompyuta bila Windows. Akatafuta ndani ya C, jina baada ya jina.

"Iko! Joash hakuifikia."

Akainakili kwenye D, kisha kwenye disketi nyingine. Akahakikisha zote mbili zimefika. Ndipo akaanza kurudisha picha.

Namba zikapanda kwenye skrini. Uani mzima ukahamia ndani. "Thelathini!" "Sitini!" "Tisini na tisa!" Kompyuta ikazima, ikawaka, Windows ikaimba. Vigelegele vikasikika hadi barabarani.

"Na diski yote ikifa?" akauliza Drusilla, printa ikiunguruma.

"Vyumba vyote viwili vinakufa, na picha pia. Ndiyo maana unahitaji nakala kwenye CD, ikae nyumba nyingine."

Ratiba ya mwisho ilitoka saa kumi na moja na nusu. Jumapili, mzee Ombui wa upande wa bwana harusi alikuta jina lake limetangulia yale ya wajomba wengine. Akasema kwa dakika arobaini. Hakuna aliyemkatiza, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa.

Wiki iliyofuata Lata alitengeneza CD, nayo ikapelekwa kwa dada yake Drusilla kule Masimba. Kila Alhamisi Drusilla hunakili kazi mpya kwenye disketi. Na mteja akimharakisha, humwambia, "Kunywa chai kwanza, mama. Naweka kazi yako D."