Miche Minne ya Waridi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kiherehere alifagia ua, akajaza ndoo, kisha akamwagilia mwaridi wa bibi yake ulioota chini ya dirisha la jikoni. Alikuwa na jina lake halisi, lakini nyumbani walilisahau tangu siku alipofunua sufuria mara saba kuangalia kama chakula kimeiva.

Mwaka ule jirani yao, mwalimu wa hesabu, alipata uhamisho. Angeondoka baada ya miezi miwili. Alikuwa akiyapenda mno maua yale mekundu, na bibi akamwahidi mche wenye mizizi.

"Kiuno changu hakitaki kuinama tena," bibi alimwambia mjukuu wake. "Safari hii kazi ni yako."

Walikata matawi manne yenye unene wa penseli, kila moja urefu wa shibiri, mkato wa mshazari chini ya kifundo. Wakaondoa majani ya chini, wakabakiza mawili juu. Kila kijiti wakakichomeka kwenye kopo la udongo uliochanganywa na mchanga, wakakifunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako ili unyevu usipotee.

"Maji kidogo, kivuli, na usiviguse," bibi alisema.

Siku ya nne Kiherehere alivuta kijiti kimoja aone kama kina mizizi. Wapi! Akakirudisha. Kesho yake akavuta vyote. Wiki ya pili aliona vinundu vyeupe kwenye mikato, akaruka kwa furaha, akamwita rafiki yake naye ajionee. Siku ile viling'olewa mara tatu. Haikupita wiki, majani yakapukutika na vijiti vikawa vyeusi.

Kiherehere aliingiwa na hofu. Akakata vijiti vingine vibichi, akavichomeka kimyakimya. Navyo akavivuta, vikanyauka, akabadilisha tena.

Bibi alipochungulia, uso ulimchanua. "Majani mabichi kabisa! Mjukuu wangu una mkono wa heri." Akamsimulia muuza maziwa, akamsimulia fundi cherehani, akamsimulia kila aliyepita mlangoni. Kiherehere alitamani ardhi ipasuke immeze.

Siku ya kuondoka, mwalimu alikuja na kikapu.

"Haya, mchagulie mche ulioshika vizuri," bibi alisema.

Kiherehere alisimama mbele ya makopo, mkono haunyooki. "Bibi, havina mizizi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Vya kwanza vilikufa. Nilikuwa navivuta kuangalia. Hivi nimevichomeka juzi, ili usijue."

Bibi alikaa taratibu kwenye kigoda. "Kumbe mtaa mzima nimewasifia vijiti vitupu!"

Mwalimu alishindwa kujizuia, akacheka. "Usilie, mwanangu. Nikatie vibichi, nitaviotesha mwenyewe. Ila uniandikie maelekezo."

Kiherehere alivifunga vijiti sita kwa kitambaa chenye maji, akaandika kila hatua. Mstari wa mwisho aliuandika kwa herufi kubwa: USIVUTE.

Siku hiyohiyo alipanda vinne vyake upya. Kila alipovimwagilia, mkono mmoja aliuficha mgongoni. Wiki ya nne, chipukizi jekundu lilichomoza kwenye kopo la kwanza, kisha la tatu. Jioni moja mwalimu akapiga simu: kwake vitatu vimeshika.

Bibi alimvuta Kiherehere karibu yake. "Nimekuwa mkunga miaka thelathini, na sikumharakisha mtoto hata mmoja kabla ya saa yake. Mizizi nayo ina saa yake. Lakini si hilo lililoniuma, mjukuu wangu. Kuharibu kila mtu huharibu. Ungeniambia siku ileile vilipokufa, tungekuwa na wiki tano za kuanza upya, na mwalimu angeondoka na mche wake mkononi. Kosa likisemwa mapema hutengenezeka. Ukilifunika, unalipatia nafasi ya kukua."