Nyumba Iliyochorwa kwa Majivu

Baba mkwe wangu alikuwa akikohoa mahali pamoja tu. Shambani hakukohoa. Kanisani hakukohoa. Alikohoa akifika kwenye kona ya nyumba, pale tulipopanga kuni, kabla ya kutokea upande wa jikoni. Nilipoolewa hapa Mpui nilidhani ni moshi wa jiko langu. Baadaye nikaona anakohoa hata moto ukiwa umezimwa.

Jina lake ni Mzee Leonidas. Ni Mfipa, mkulima wa mahindi na ulezi. Mimi ni Minza. Wazazi wangu ni Wasukuma, walihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao kabla sijazaliwa. Kwetu mwanamke hapishani na baba mkwe mahali pembamba. Mmoja husogea, mwingine hupita. Ni heshima, hakuna ugomvi. Sikumweleza mtu yeyote hapa desturi hiyo. Nadhani baba mkwe aliitambua mwenyewe, kwa kuniona nikirudi nyuma kila tulipokutana.

Nyumba yetu ya zamani ilikuwa na korido nyembamba. Chumba cha wazee kilikuwa mbele. Chumba chetu, mimi na mume wangu Nestory, kilikuwa katikati ya korido. Choo kilikuwa nje, nyuma ya nyumba. Njia fupi ya kwenda chooni ilipita mbele ya mlango wangu na kutokea jikoni. Baba aliacha kuipita. Alitoka mlango wa mbele, akazunguka nyumba nzima, akafika kwenye kona, akakohoa. Nami nikiwa uani niliingia ndani.

Wakati wa kiangazi alisumbuliwa na upepo tu, ule wa mwezi wa sita unaopenya hata koti. Masika yalipokuja, udongo wa pembeni mwa nyumba ukawa utelezi. Siku moja baba alianguka, akavunjika mkono. Aliwaambia majirani kwamba alikuwa akifukuza mbuzi. Mama mkwe, Mama Dominika, akasema mbuzi wetu wote walikuwa wamefungwa, labda alifukuza wa watu. Majirani walicheka sana. Daktari hakucheka. Alisema mifupa ya mzee haiungi upesi, na akianguka tena akavunjika nyonga, huenda asisimame tena.

Mimi nilijua alikuwa akienda wapi, na kwa nini alizunguka. Sikusema. Ningeanzaje kuzungumza habari za baba mkwe na choo?

Mwaka huo tulichoma matofali ya nyumba mpya. Nestory alichora ramani aliyoiona kwenye simu ya rafiki yake mwenye duka kule mjini, Majengo. Mbele kulikuwa na sebule kubwa. Katikati kulikuwa na korido ndefu, vyumba huku na huku, milango ikitazamana. Choo cha ndani kilikuwa mwisho kabisa wa korido. Nestory alifurahi, alisema sasa baba hatatoka nje tena kwenye matope.

Niliitazama ile ramani. Chumba cha wazee kilikuwa mbele. Mlango wangu ulikuwa jirani na choo. Ilikuwa korido ileile, ila ndefu zaidi. Niliona kwamba baba hataipita. Atatoka mlango wa mbele na kuzunguka kwenda kwenye choo cha zamani, na siku moja ataanguka tena. Nikaendelea kuchambua maharage.

Wakati huo kijijini yalikuwa yakijengwa madarasa. Msimamizi wa ujenzi huo alikuwa fundi sanifu wa majengo, Hellena, mama wa makamo anayeishi mjini, Mazwi. Alikuja kila asubuhi kwa pikipiki yake. Nestory alimwomba apite kwetu aangalie ramani na kukadiria saruji. Hellena alipofika aliwaamkia wazee, akakaa, akaitazama ramani kwa muda.

"Nyumba hii watakaa akina nani?" aliuliza.

Nestory alitutaja: wazee wawili, sisi wawili, na binti yetu mdogo, Faith.

"Wote wameshaiona?"

"Wataiona ikiisha," Nestory alijibu.

Hellena hakugusa habari za saruji. Aliuliza kama tuna majivu.

Tulileta majivu kwa ndoo. Hellena na Nestory walipima kiwanja kwa futi kamba, wakapigilia vigingi, wakachora nyumba nzima chini kwa mistari ya majivu, kwa ukubwa wake wa kweli. Walipoacha nafasi, hapo ni mlango. Mama Dominika alisema ni nyumba nzuri, tutaishi humo mpaka upepo uje. Faith alikimbia akavuka mstari, na bibi yake akamwambia amepita ukutani kama mzimu, arudi apite mlangoni.

Hellena akasema, "Msiitazame tu. Ishini humu kidogo. Kila mtu afanye anayoyafanya kila siku. Mstari wa majivu unafutwa kwa mguu. Msingi wa zege hauondoki kwa mguu."

Mama Dominika alijitwika debe la mahindi na kutafuta pa kuliweka. Hakupaona, mpaka akafika chumbani kwake. Aliuliza kama atalala na magunia hadi uzee wake uishe. Nestory alikuna kichwa. Ghala alikuwa amelisahau.

Kisha Hellena akamwomba baba aende chooni kutoka chumbani kwake. Baba alisimama, akashika fimbo yake. Alipita sebuleni, akatoka mlango wa mbele, akaanza kuzunguka mistari kwa nje.

Nestory alicheka. "Baba, choo kiko ndani. Pita koridoni."

"Nimezoea hewa," baba alijibu, akaendelea kutembea.

Hellena hakucheka. Alimwomba arudi chumbani, aanze upya kwa kupita koridoni. Mimi aliniomba nitoke chumbani kwangu kwenda jikoni wakati huohuo. Nilitoka. Baba alikuwa ameshaingia koridoni. Tulionana. Nilirudi nyuma mpaka ndani ya mistari ya chumba changu. Baba naye alirudi nyuma, akageukia pembeni, akakohoa.

Nestory alitazama korido, akatazama kona ya nyumba ya zamani, pale penye kuni. Baba alitazama fimbo yake. Niliona kwamba hatasema kitu, kwa sababu kusema ni kunilaumu. Na mimi nisiposema, kesho wangechimba msingi.

Kwetu, neno zito linalomhusu baba mkwe hupitia kwa mama mkwe. Nilimgeukia.

"Mama, mwambie fundi kwamba baba hapiti pale kwa sababu yangu. Ananiheshimu mimi. Ndiyo maana alianguka kwenye matope. Hakukuwa na mbuzi."

Mama Dominika alimtazama mumewe. "Nilijua hakuna mbuzi," alisema taratibu.

Nestory alisema mambo hayo tungeyazoea tukishahamia. Hellena alikataa. Alimweleza kwamba nyumba haimfundishi mzee tabia mpya. Mzee asipoiweza njia, ataikwepa, na hapo ndipo huumia. Ramani ile haikuwa mbaya, alisema, ila ilichorwa kwa ajili ya watu wengine.

Alifuta mistari kwa kiatu. Chumba cha wazee alikihamishia upande wa jua la asubuhi, mbali na upepo. Choo cha ndani akakiweka ubavuni mwa chumba hicho, mlango wake ukifunguka humohumo chumbani. Aliwapa wazee pia mlango wao wa kutokea barazani. Chumba chetu kilikwenda upande wa pili, karibu na jikoni na choo cha zamani, kwa kuwa sisi bado tuna miguu. Sebule ilikaa katikati ya pande hizo mbili. Ghala lilipata mahali karibu na jikoni.

Kisha alimwonyesha Nestory mambo ya mzee. Mlango uwe mpana, mtu aweze kupita akiwa ameshikwa mkono au akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Pasiwe na kizingiti cha kujikwaa. Barazani, badala ya ngazi, wajenge mteremko wa polepole. Sakafu ya choo isisuguliwe ikawa laini, na ukutani liwekwe bomba la kushika. Shimo la maji machafu lichimbwe mbali na kisima, upande wa chini yake.

Sebule ilipungua karibu nusu. Nestory aliuliza wageni watakaa wapi.

"Wageni wanakuja Noeli na Pasaka," Mama Dominika alimjibu. "Baba yako anakwenda chooni kila siku."

Tulijenga hivyo. Tulihamia kabla ya mvua. Masika yalipofika, maji yalishuka kwenye bati siku nzima, na baba alikwenda na kurudi bila kulowa. Mkono wake ulipona. Hajaanguka tena. Jioni hukaa kwenye baraza yake na Faith, naye Faith humtania kwamba mbuzi wanamsubiri. Majirani wawili wanaotaka kujenga wameshakuja kuomba majivu, ingawa nao wana jiko.

Kwenye kona ile ya kuni hapiti mtu sasa. Siku nyingine nikiwa jikoni natega sikio bado, kwa mazoea, na sisikii kitu.

Baba mkwe anajua kusoma. Husoma polepole, akifuata mstari kwa kidole. Najua atafika hapa ninapoandika, na mimi sitakuwa mbele yake, kwa hiyo wote wawili tutakuwa na nafasi. Baba, nilijua zamani kwamba hukuwa mgonjwa. Kila ulipokohoa nilijua kwamba katika nyumba hii kuna mtu anayeniona. Asante.