Sheria ya Kusimama

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, mwaka wa kumi na sita sasa. Wanafunzi wananiita Kiberiti, wakidhani sijui. Najua sana. Nawaka haraka, sikatai.

Darasani kwangu kulikuwa na sheria moja. Ukikosea jibu, unabaki umesimama mpaka kengele ilie. Mwanzoni, siku nyingine nusu ya darasa ilikuwa imesimama. Nilijivunia sheria ile. Nilisema inawaamsha.

Katika darasa hilo alikuwemo mpwa wangu, binti wa dada yangu. Anaishi kwetu tangu aanze sekondari. Nyumbani tunamwita Redio, maana toka mdogo hazimiki. Anataka kuwa muuguzi, na bila kufaulu Kiingereza hatapata chuo. Lakini mwaka ule Redio alizimika. Alama zilishuka, na maneno yakapungua.

Jumapili moja mchana tulikuwa mezani. Nikamuuliza kwa Kiingereza chumvi iko wapi.

Redio akaweka kijiko chini. Akasimama. Akabaki amesimama, macho sakafuni.

"We mtoto, vipi tena?" mke wangu akauliza. "Kaa ule, maharage yanapoa."

"Sijui jibu," akasema.

Nilicheka. Nilicheka peke yangu. Chumvi ilikuwa pale pale mbele yake.

Mke wangu akanigeukia. "Hivi unamfanya nini huyu huko shuleni?"

"Namfundisha!"

"Kusimama?"

Redio akasema polepole, "Mjomba, usikasirike. Muhula huu ukiisha naacha shule. Nitajifunza kushona."

Chakula kilinishinda siku ile.

Kesho yake nilimwendea mkutubi, mama anayetunza maktaba ya shule yetu. Alifundisha lugha miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye vitabu, na hapindishi maneno. Nikamweleza yote.

"Nije nikae nyuma kipindi kimoja?" akauliza.

"Unikague?"

"Nihesabu tu, mwalimu. Usianze kuwaka."

Alikuja na karatasi. Alikuwa amechora visanduku arobaini na vinane, kimoja kwa kila mwanafunzi. Kila nilipomuuliza mtu, aliweka nukta kwenye kisanduku chake. Kipindi kilipoisha tulikaa maktaba, kati ya vitabu vilivyochanika alivyokuwa akiviunga kwa gundi.

"Umeuliza mara thelathini na moja," alisema. "Nukta ishirini na sita ni za watu watano wa mbele."

"Si ndio wanaonyoosha mikono!"

"Hao wana uhakika hawatasimamishwa. Wenzao umewafundisha kunyamaza."

Hasira zikanipanda. Nikazimeza.

"Na ukishauliza, unasubiri kiasi gani?"

"Cha kutosha."

"Nimehesabu. Moja, mbili, umeshahamia kwa mwingine. Mtoto asikie swali, alielewe, atafute jibu, aliseme kwa Kiingereza, yote kwa moja, mbili? Hata wewe ungekwama."

Kisha akaweka kidole kwenye kisanduku cha karibu na dirisha. "Huyu unayemwita mvivu haoni ubao. Amefinya macho kipindi kizima. Na huyu wa safu ya nne, hujamuuliza hata mara moja."

Kisanduku kilikuwa cheupe. Kilikuwa cha Redio.

Niliona aibu, nisiseme uongo. Nilidhani namkinga asiaibike. Kumbe nilikuwa nimemsahau mtoto wa dada yangu mchana kweupe.

"Sasa nifanyeje?"

"Kwanza futa ile sheria. Ukiuliza, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Waache wazungumze wawili wawili kwanza, hata kwa Kiswahili, wapate la kusema. Ndipo waseme kwa Kiingereza. Anayeogopa, aandike kwanza, kisha asome alichoandika. Na kila kipindi kikiisha, shika daftari ujiulize. Nani hajasema leo? Kwa nini? Kesho nibadilishe nini?"

"Basi?"

"Basi. Ila kila siku, sio leo tu."

Nilifuta sheria. Darasa halikuniamini. Siku ya kwanza ya wawili wawili walizungumza mpira tu, nikakaribia kulipuka. Kuhesabu mpaka kumi nako ni kazi jamani! Nikifika sita, ulimi unawasha. Nilijikaza.

Yule wa dirishani nikamleta mbele, na nikaanza kuandika herufi kubwa. Wiki hiyo hiyo akaanza kujibu. Jioni niliandika kwenye daftari: "Leo nimeongea mno. Redio ameandika mistari miwili mizuri, sikumsifu. Kesho nimsifu." Kesho yake nikamsifu. Akatabasamu kidogo.

Wiki ya saba tangu nifute sheria, tulikuwa tunasoma hadithi ya familia iliyohama nyumba. Nikaeleza kwamba barua iliyo ndani ya hadithi iliandikwa na baba. Nikauliza kama wote wanakubali. Nikahesabu. Nilipofika nane, mkono ukanyooka safu ya nne.

"Hapana, mwalimu," Redio alisema kwa Kiingereza, polepole, akirudia maneno mawili. "Barua ameiandika dada. Soma ukurasa wa pili."

Nikafungua ukurasa wa pili. Alikuwa sahihi.

"Mwalimu kakosea!" mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Tena ameshasimama tayari!"

Darasa zima likaangua kicheko, kisha likanitazama. Walingoja niwake. Na kweli nilisikia joto linapanda shingoni. Nikavuta kiti, nikakaa.

"Endelea wewe," nikamwambia Redio. "Tueleze dada aliandika nini, na kwa nini."

Aliongea mpaka kengele ikalia. Alikosea hapa na pale, akajisahihisha, akaendelea. Mimi niliandika kwenye daftari langu.

Muhula ukaisha. Redio amefaulu, na habari za kushona hazisikiki tena. Jumapili iliyofuata, mezani, nikamuuliza tena kwa Kiingereza chumvi iko wapi.

"Iko mbele yako, mjomba," akanijibu kwa Kiingereza, mdomo umejaa maharage. Wala hakuinuka kitini.