Maandishi Ndani ya Kifuniko

"Saa hii ni ya nani?" fundi saa aliuliza bila kuinua uso.

"Yangu. Nilikwambia ni zawadi ya baba."

"Nakuuliza tena, bibie, usije ukasema sikukupa nafasi. Ni ya nani?"

Muuguzi alikuwa amesimama mbele ya meza ya kazi, angali amevaa sare ya wodi ya watoto. Walikuwa wapenzi kwa miezi minane, na Jumamosi ile fundi alikusudia kumpeleka kwa mama yake kama mchumba. Saa yenyewe, ambayo muuguzi aliitumia kuhesabia mapigo ya wagonjwa, haikuwahi kusimama hata siku moja hadi juzi, wala kifuniko chake cha nyuma hakikuwahi kufunguliwa tangu siku alipopewa. Ndiyo maana alikuwa amekwisha kuyasahau maandishi yaliyomo.

Fundi akamsukumia kioo cha kukuzia. Alipoona hakipokewi, akasoma mwenyewe, neno baada ya neno, kama hakimu.

"'Kwa mwanangu wa kiume wa kwanza, kwa kufaulu mtihani.' Wewe uliniambia kwenu mmezaliwa wasichana wawili tu. Huyu wa kiume katoka wapi?"

Muuguzi akanyoosha mkono kuichukua saa, fundi akaivuta kwake.

"Ni saa ya mume uliyemwacha, si ndiyo?"

"Sijawahi kuolewa."

"Na picha? Mimi umeniona hadi nilipokuwa kibogoyo mapajani mwa bibi. Yako ya utotoni sijaiona hata moja. Nikigusa habari hizo, unakumbuka una zamu."

"Zamu ninazo kweli."

"Zamu gani hizo zinazoanza kila ninapouliza swali?"

Shaka ikishapewa kiti, huomba na kitanda. Simu ya muuguzi ikalia mezani, skrini ikawaka. Kusoma ujumbe wa mwenzio ni utovu wa adabu. Fundi alifundishwa hivyo tangu utotoni, naye akasoma. Ulitoka kwa mdogo wake muuguzi:

"Dada, umeshamwambia? Usifike kwa mama yake kabla hajajua."

"Sijajua nini?" Sauti ya fundi ilikuwa imepoa, na hilo lilitisha kuliko ukali. "Mficha uchi hazai, bibie."

"Na anayeufunua mbele ya asiye na huruma huchekwa hadi kaburini. Rafiki yangu alimwambia ukweli wake mtu aliyempenda. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa nao. Funga mlango."

"Wateja je?"

"Funga mlango, bwana."

Akaufunga, akarudi kitini. Muuguzi hakuketi.

"Mwana huyo wa kiume ni mimi. Nilizaliwa nikahesabiwa mvulana, nikalelewa hivyo, nikafaulu mtihani nikiitwa hivyo. Ndani yangu sikuwa mvulana hata siku moja. Nilipopata kazi nikaanza matibabu, nikaishi kama nilivyo, mwanamke. Mwaka wa tisa sasa. Baba alifariki kabla sijamwambia. Saa hiyo ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho kutoka mkononi mwake."

Ukutani saa arobaini zilizidi kwenda, hakuna iliyokubaliana na mwenzake.

"Miezi minane," fundi alisema.

"Ndiyo."

"Ulingoja nizame ndipo useme?"

"Mwanzoni nilingoja nijue kama niko salama kwako. Nilipokwisha kujua, nikaogopa kukupoteza. Hapo ndipo nilipokosa, na ninakiri. Kuwa nilivyo si kosa."

"Niachie saa."

"Unanifukuza?"

"Nimesema niachie saa. Haijapona."

Siku tatu fundi hakupiga simu. Muuguzi akahesabu mapigo kwa saa ya ukutani, na kila alipowaona wenzake wawili wakinong'ona mlangoni mwa wodi alidhani habari imekwisha kufika. Haikuwa imefika. Ijumaa mchana ukaja ujumbe: "Njoo uchukue mali yako."

Alikwenda akiwa ameyapanga maneno ya kuagana. Saa ilikuwa juu ya kitambaa, kifuniko wazi, kioo kando yake.

"Fundi akimaliza kazi," fundi alisema, "huchora humo ndani tarehe na mwenye saa, ili fundi ajaye ajue. Maneno ya baba yako sikuyafuta. Si mkono wangu ulioyaandika."

Muuguzi akashika kioo, akainama. Chini ya maneno ya baba zilimeta herufi mpya, ndogo mno: tarehe ya siku ile, kisha, "Ya binti yake wa kwanza."

Alisoma mara mbili. Kioo kikaingia ukungu.

"Bado nina hasira ya miezi minane," fundi alisema. "Itakwisha polepole, usiiharakishe. Na mimi nilisoma ujumbe usio wangu, nikakuzulia mume. Nisamehe."

"Umemwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Habari si yangu."

"Na mama yako?"

"Utamwambia wewe, siku utakayotaka, nami nitakuwa nimeketi kando yako. Kesho anataka kukuona tu. Saa nne kamili, na hapendi wachelewaji."

Muuguzi akaivaa saa yake, akailinganisha na simu.

"Mbona inakwenda mbele?"

"Dakika tano. Nakujua wewe na zamu zako."